Hilda na Uongo wa Ungo

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya milima ya Matogoro, Hilda aliamshwa na kikohozi cha bibi yake. Bibi Kunegunda alikuwa ameshawasha kuni kwenye kibanda cha jikoni na kuanza kupika vitumbua vya kuuza. Moshi ulijaa humo ndani hadi ukuta haukuonekana. Alivigeuza vitumbua kwa kijiti huku machozi yakimtiririka. Kazi hiyo aliifanya tangu mama yake Hilda alipokuwa mdogo, na moshi wa miaka yote hiyo ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Yalikuwa mekundu hata Jumapili, siku ambayo hakupika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Nenda ukaoge, maji nimekutengea. Usije ukachelewa shule kwa sababu ya hayo mabua yako."

Hilda alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita. Mama yake alifariki angali mchanga, na tangu hapo aliishi na bibi yake Mfaranyaki, mjini Songea, katika nyumba ya vyumba viwili. Mabua hayo yalikuwa ya mahindi. Hilda aliyamenya, akayaunga kwa uzi, akayavika mabawa ya karatasi ngumu, yakawa ndege ndogo. Jioni alizirusha kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba yao. Nyingi zilianguka hapo hapo. Chache zilielea kidogo, zikatua kwenye majani.

Mambo hayo yalianza siku bibi yake alipokwenda naye Ruhuwiko kumsalimia ndugu. Walipita karibu na uwanja wa ndege, na ndege ilikuwa inatua. Hilda alisimama akashika uzio, akakataa kuondoka.

"Bibi, nani aliitengeneza?"

"Watu waliosoma, mama."

"Wanawake wamo?"

Bibi Kunegunda alifikiri kwanza. "Sijui," alisema. "Lakini sijasikia kwamba wamekatazwa."

Tangu siku ile Hilda alijua anataka kufanya kazi gani. Hakumwambia mtu mwingine yeyote, mpaka siku alipoulizwa darasani.

Kilikuwa kipindi cha Mwalimu Otto. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi, na kipindi chake hakikupita bila watu kucheka. Siku hiyo alimtaka kila mmoja asimame aseme angependa kuwa nani akikua. Valence, mvulana mrefu aliyekaa nyuma, alisema atakuwa askari. Shakila, rafiki yake Hilda aliyekaa naye dawati moja, alisema atakuwa nesi. Zamu ya Hilda ikafika.

"Nataka kuwa mhandisi, Mwalimu."

"Mhandisi wa nini? Wa barabara?"

"Wa ndege, Mwalimu. Wale wanaozibuni na kuziunda."

Mwalimu Otto alimtazama kuanzia viatu vyake vilivyopasuka mpaka usoni. Kisha akatabasamu, na darasa zima likajua kwamba kichekesho kinakuja.

"Hapa kwetu wapo wanaosemwa kuwa wanaruka bila uhandisi wala mafuta," alisema. "Wanachohitaji ni ungo tu. Labda uanzie huko."

Darasa liliangua kicheko. Wengine walipiga madawati. Mwalimu Otto naye alicheka, akamwita mwanafunzi aliyefuata. Kengele ilipolia, yeye alikuwa ameshasahau. Wanafunzi hawakusahau.

Kesho yake Hilda alikuta ungo umechorwa kwa chaki juu ya dawati lake. Aliufuta. Siku iliyofuata ulichorwa mwingine, na ndani yake alikaa mtoto mwenye viatu vilivyopasuka. Wakamwita Rubani wa Ungo. Wakati wa mapumziko walimwomba awape lifti ya kwenda Mbinga, na alipopita karibu nao waliziba pua, wakisema ananuka dawa za usiku. Aliwahi kuleta shuleni ndege yake moja ili amwonyeshe mwalimu wa sayansi. Valence aliitoa mkobani mwa Hilda, akaiweka chini, akaikanyaga polepole, bawa moja kwanza na la pili baadaye, huku akimtazama Hilda machoni.

Baada ya siku chache Shakila alihamia dawati jingine.

"Nimekukosea nini?" Hilda alimuuliza.

Shakila aliangalia vidole vyake. "Hujanikosea. Lakini wanaanza kunicheka na mimi."

Nyumbani Hilda hakusema kitu. Bibi yake alipomuuliza mbona hali vizuri, alijibu kwamba tumbo linamuuma. Bibi alimchemshia maji ya tangawizi, akakaa naye kitandani mpaka akasinzia.

Jambo lililoharibu kila kitu lilitokea wakati wa mapumziko, karibu na bomba la maji. Valence na wenzake walimzunguka Hilda wakamzuia kupita.

"Rubani, leo unatupeleka wapi?" aliuliza Valence. "Au ungo umeharibika?"

Hilda alichoka. Alitaka kitu kimoja tu, vicheko vile vimwondokee, viende kokote kule. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Ungo si wangu," alisema. "Ungo ni wa bibi yangu. Mnadhani macho yale yamekuwa mekundu kwa sababu gani? Usiku halali."

Walitazamana. Kisha Valence akacheka, na wote wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa tofauti. Hakikumlenga Hilda. Mtu mmoja alimpigapiga begani. Mwingine alimmegea muhogo. Valence akamuuliza, kama mtu anayemuuliza mwenzake, "Kweli? Huwa anatokaje?"

"Hafungui hata mlango," alisema Hilda.

Tangu siku hiyo waliacha kumchora. Walimwachia nafasi kwenye benchi chini ya ukuta, na kila mapumziko walitaka kusikia zaidi. Hilda aliwapa. Alisema bibi huongea peke yake jikoni. Alisema ndege za mabua bibi ndiye humfundisha kuzitengeneza. Kila jambo alilolisema lilikuwa na kipande kidogo cha ukweli ndani yake, kwa maana bibi alisali rozari jikoni kwa sauti, na bibi ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kufunga uzi usilegee. Shakila akarudi kwenye dawati lao. Hilda alijiambia kwamba ni mzaha wa watoto na hautafika popote.

Ulifika. Watoto waliurudisha majumbani pamoja na madaftari yao. Wanawake waliokuwa wakimsimamisha Bibi Kunegunda njiani asubuhi wanunue vitumbua wakaanza kugeukia upande mwingine. Ndoo ya vitumbua ilianza kurudi nyumbani ikiwa na nusu, kisha ikarudi karibu imejaa.

"Labda ninaweka sukari nyingi," alisema Bibi Kunegunda. "Onja, Hilda. Ni vitamu kupita kiasi?"

Hilda alionja. "Viko sawa, Bibi."

Alijua sababu. Angeweza kusema siku ile, na mambo yangeishia hapo. Hakusema.

Jirani yao alikuwa mwanamke mfanyabiashara aliyetoka Tunduru, ambaye watu wote walimwita Mama Daimu kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa na mtoto mwingine mchanga, Saleh. Jioni moja Hilda alirusha ndege yake mpya, upepo ukaichukua ukaiangusha juu ya paa la Mama Daimu. Aliona aibu kwenda kuiomba, akaiacha. Kesho yake mchana mtoto Saleh alipandwa na homa kali, akaanza kukakamaa mwili na kugeuza macho. Mama yake alipotoka nje akipiga kelele za kuomba msaada, majirani walikimbia, na mmoja wao akaona kitu juu ya paa. Walikishusha kwa mti. Kilikuwa na mabawa, kimefungwa nyuzi, na mbele kina donge la udongo.

"Kimetoka kwa yule bibi," alisema mama yake Valence. "Mwanangu amenieleza yote. Watoto wote wa shule wanajua."

Mama Daimu alipakiwa kwenye bodaboda na mtoto wake kwenda hospitali. Waliobaki hawakutawanyika.

Hilda alikuwa anarudi kutoka shule alipouona umati mbele ya nyumba yao. Mtu mmoja alikuwa amemwaga unga uliolowekwa wa vitumbua, na mwingine alikuwa anavunja mlango wa jikoni kwa teke. Bibi Kunegunda alisimama barazani, mikono yake bado ina unga.

"Nimewakosea nini, wanangu?" aliuliza. "Nielezeni, nijue."

"Unajua mwenyewe," alisema mama yake Valence. "Mjukuu wako amekutangaza. Yule pale, muulize."

Watu wote waligeuka. Valence na Shakila walikuwemo, nao wakamtazama Hilda. Bibi yake pia alimtazama, kwa macho yale mekundu, bila hasira.

"Hilda, mama. Ulisema hivyo?"

Mbele yake kulikuwa na watu wazima wenye fimbo, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Sikusema," alijibu.

Bibi Kunegunda aliugeukia umati. "Mmesikia," alisema. "Mtoto wangu hasemi uongo. Nimemlea mimi."

Hapo ndipo jiwe liliporushwa. Lilimpata Bibi Kunegunda juu ya jicho, akayumba, akaanguka kutoka barazani na kuulalia mkono wake. Hilda aliusikia mfupa ukikatika. Damu ilipoanza kumtiririka usoni yule mzee, baadhi ya watu walirudi nyuma, kama vile ni mara ya kwanza kumwona. Wengine walitaka kuendelea. Aliyewazuia ni Mzee Beda, mwenyekiti wa mtaa, aliyefika na mgambo wawili na kusimama katikati.

"Atakayeinua jiwe jingine ataanza na mimi," alisema. Akamshika mkono kijana aliyerusha jiwe na kumkabidhi kwa mgambo wampeleke polisi. Kisha akatafuta gari la kumpeleka bibi hospitali.

Hospitali walimfunga plasta mkononi na kumshona nyuzi juu ya jicho. Wodi ya jirani alilazwa mtoto Saleh. Daktari alimpima, akakuta ni malaria kali, akamwekea dripu. Kufikia asubuhi homa ilikuwa imeshuka na mtoto ananyonya. Mama Daimu alisikia maelezo ya daktari kwa masikio yake, na akaona aibu. Lakini mtaani watu waliendelea kunong'ona. Walisema mtoto amepona kwa sababu damu ya bibi imemwagika.

Bibi Kunegunda aliporudi nyumbani hakulalamika. Alitandika kanga chini, akaanza kukunja nguo zake kwa mkono mmoja.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Madaba, nilikozaliwa."

"Kule tuna nani?"

"Hatuna mtu. Ndiyo uzuri wake, hakuna anayenijua." Alijaribu kufunga fundo, likamshinda. "Hapa nimezika mume, nimezika na mama yako. Sikutegemea kuondoka hivi. Kinachonipa nguvu ni wewe. Mwenyekiti ameniuliza tena kama ni wewe uliyesema, nikamwambia nakujua, huwezi."

Hilda alisikia maneno hayo yakimwingia kuliko kipigo chochote. Alikaa chini kwenye sakafu, akalia mpaka bibi yake akaacha kukunja nguo.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyesema, Bibi. Walikuwa wananicheka kila siku. Nilitaka waache."

Bibi Kunegunda alikaa akiutazama mkono wake wenye plasta. Kisha akasimama, akatoka nje, akamwacha Hilda peke yake na kanga ile iliyojaa nguo. Katika maisha yake yote, bibi yake hakuwahi kumwacha akilia.

Hilda alijifuta uso, akaenda ofisi ya mtaa kumtafuta Mzee Beda.

Mzee Beda alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Umeniambia mimi, na umefanya vizuri," alisema. "Lakini si mimi niliyemrushia bibi yako jiwe. Jumamosi naitisha mkutano wa mtaa. Ulisema mbele ya watu, na kukanusha utakanusha mbele ya watu. Utaweza?"

"Naogopa, Babu."

"Hata yeye aliogopa alipokuwa barazani."

Jumamosi watu walijaa mbele ya ofisi ya mtaa. Bibi Kunegunda alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa. Hakumtazama mjukuu wake. Hilda alisimama akiwa na ile ndege iliyoshushwa paani, ambayo Mzee Beda alikuwa ameitunza ofisini.

"Hii niliitengeneza mimi," alianza. Akaiinua juu waione. "Niliitengeneza kwa mabua. Huu udongo wa mbele si dawa. Pua ikiwa nyepesi, ndege inainuka, inapoteza mwendo, inaanguka. Udongo unaisaidia iruke sawa."

Aliirusha. Ilipinda ikaanguka kwa pua karibu na miguu ya watu. Mtu alicheka, kisha wakacheka wengi. Hilda alikijua kicheko hicho, na mwili wake wote ulitaka kukimbia. Aliinama, akaiokota, akabandua udongo kidogo kwa kucha, akanyoosha bawa lililokunjika. Akairusha tena. Safari hii ilielea juu ya vichwa vyao, taratibu, ikatua mbali upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyecheka.

"Bibi yangu hana ungo wa kurukia," alisema Hilda. "Macho yake ni mekundu kwa moshi, kwa sababu anapika vitumbua vya kuuza ili nisome. Niliwadanganya wenzangu ili wasinicheke. Siku ile mbele ya nyumba yetu niliulizwa, nikadanganya tena, na yeye akapigwa. Mwongo ni mimi."

Mama Daimu alisimama, akiwa amembeba Saleh mgongoni. Alisema daktari alimweleza wazi kwamba ni malaria, na kwamba yeye mwenyewe, wallahi, alikuwa ameacha kumfunika mwanawe kwa chandarua kwa sababu ya joto. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Bibi Kunegunda, akaomba msamaha. Mama yake Valence alisukumwa na wenzake mpaka naye akasimama, akasema maneno machache akiangalia chini.

Mwalimu Otto alikuwa nyuma kabisa. Alipita katikati ya watu mpaka mbele.

"Mtoto huyu ametaja kosa lake, lakini hakutaja langu," alisema. "Neno ungo lilitoka kinywani mwangu, darasani, nilipokuwa nataka kuchekesha. Alisema anataka kuwa mhandisi wa ndege. Kazi yangu ilikuwa kumwambia asome hisabati na sayansi kwa bidii, na kwamba chuo kikuu kipo na wanaofanya kazi hiyo wapo. Badala yake nikamfanya kichekesho, na ninyi mkakipokea kutoka kwa watoto wenu. Bibi, nisamehe."

Mzee Beda alifunga mkutano kwa onyo kwamba atakayemwita mtu yeyote mchawi katika mtaa wake atamfikisha polisi siku hiyo hiyo.

Bibi Kunegunda hakwenda Madaba. Wateja walirejea kidogo kidogo, ingawa si wote, na wapo ambao mpaka leo huvuka barabara wanapomwona. Mkono wake ulipona ukiwa umepinda, hauwezi tena kukoroga unga mzito. Hilda ndiye huamka sasa kuukoroga, kisha huenda shule. Mwalimu Otto humbakiza baada ya vipindi akamfundisha hisabati pamoja na mwanafunzi yeyote anayetaka. Shakila hubaki. Valence aliwahi kubaki mara moja, hakurudi.

Kwa siku nyingi Bibi Kunegunda aliongea na mjukuu wake kwa mambo ya lazima tu. Hilda aliogopa kwamba itakuwa hivyo maisha yote. Alasiri moja, walipokuwa wakichambua mchele barazani, bibi aliweka sinia chini.

"Msamaha unaoungoja nimekupa," alisema. "Nimechelewa kwa sababu nilitaka uwe wa kweli. Sasa nisikilize. Mimi sijui ndege. Lakini najua watu watapanda humo na watoto wao, wafunge mikanda, wamwamini mtu ambaye hawajamwona. Na wewe siku hiyo utakuwa na wenzako kazini, labda umeona kitu kimepasuka, na wenzako wanataka unyamaze, na ukisema watakucheka au watakuchukia. Utafanyaje?"

"Nitasema, Bibi."

"Ni rahisi kusema hapa barazani. Mimi ulinijua. Nilikaa na wewe nyumba moja, nikakuamini, na bado ulinizushia uongo kwa kuogopa vicheko vya watoto wenzako, na ulipoulizwa mbele yangu ukakana." Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo usingoje mpaka uwe mkubwa ndipo ujifunze kusema kweli ukiwa unaogopa. Anza sasa, kwa mambo madogo, kila siku, mpaka uzoee. Hisabati atakufundisha mwalimu. Hilo ni la kwako mwenyewe."

Hilda aliitikia kwa kichwa. Bibi Kunegunda alimvuta karibu kwa mkono ule uliopinda, akamwegemeza begani.